Tume ya uchunguzi imetuita: nani atamlipa wakili?

*"Assalaam aleikum wakili. Mdogo wangu alikuwa miongoni mwa vibarua waliofariki ghorofa lililokuwa likijengwa mtaani kwetu hapa Mombasa lilipoporomoka. Sasa tunaambiwa kuna tume ya kuchunguza chanzo chake, na mama yetu ameletewa karatasi ya kuitwa kutoa ushahidi. Kuna bwana mmoja anayezunguka kwenye nyumba za wafiwa akikusanya shilingi 15,000 kila familia. Anasema asiye na wakili hatasikilizwa, na kwamba tume ikimaliza na Serikali au mwenye jengo akionekana ana makosa, pesa zote za wakili zitarudishwa. Binamu yetu aliyekuwa mnyapara hapo kazini naye ameitwa, na huyo bwana anasema wakili mmoja atatutosha sote. Wazee wetu wamegawanyika. Kwa sheria, nani hulipa mawakili katika uchunguzi kama huu? Na mambo yakitugeukia, tutadaiwa gharama za upande wa pili?"*

Wa aleikum salaam, ndugu yangu. Poleni sana kwa msiba. Mwenyezi Mungu amrehemu mdogo wako na awape subira wazazi wenu.

Huyo bwana amechanganya mambo ambayo sheria inayatenganisha, kwa hiyo nitaanza na majibu kisha nieleze sababu zake. Mama yenu anaweza kutoa ushahidi bila wakili na asikilizwe sawasawa. Mkimweka wakili, kwa sheria ya Kenya ilivyo sasa mtamlipa wenyewe, isipokuwa mpate msaada wa kisheria wa bure. Hakuna kanuni inayowaahidi kurudishiwa pesa hizo, hata ripoti ikiwalaumu wakubwa wote. Nanyi pia hamtadaiwa gharama za mawakili wa mtu mwingine, maana mbele ya tume hakuna mshindi wala mshinde. Binamu yenu ana hali yake peke yake, nami nitaieleza. Liko pia jambo ambalo hukuliuliza na ambalo linaweza kuwagharimu zaidi kuliko ada ya wakili yeyote, nalo ni muda wa kudai fidia.

Hofu ya kudaiwa gharama, pamoja na tumaini la kurudishiwa, vimetoka mahakamani. Katika kesi ya madai, Sheria ya Mwenendo wa Kesi za Madai, kifungu cha 27, humpa jaji hiari ya kuamua nani atalipa gharama, na desturi ni kwamba aliyeshindwa humlipa aliyeshinda, ingawa jaji anaweza kuamua vinginevyo akiwa na sababu nzuri, hasa kesi ikiwa imefunguliwa kwa manufaa ya umma. Watu wameizoea kanuni hiyo kiasi cha kudhani kwamba inafuata kila mahali palipo na mawakili na viapo. Tume ya uchunguzi haiko hivyo. Haina mdai wala mdaiwa. Hupewa hadidu za rejea, yaani maswali inayotakiwa kuyajibu: jengo lilianguka kwa nini, nani aliidhinisha michoro, nani alikagua, nani aliona nyufa akanyamaza. Inasikiliza, inaandika ripoti na kutoa mapendekezo. Haitoi hukumu, haimfungi mtu, wala haimwamuru yeyote kuwalipa fidia. Kwa kuwa hakuna aliyeshinda, hakuna wa kulipwa na aliyeshindwa, na hapo ndipo ahadi ya huyo bwana inapokosa mguu wa kusimamia.

Kabla ya kwenda mbali, isomeni tena ile karatasi aliyoletewa mama. Neno "tume" hutumiwa mitaani kwa vyombo vingi, na mlipaji hutofautiana kidogo kwa kila kimoja. Ikiwa imeteuliwa na Rais chini ya Sheria ya Tume za Uchunguzi, Sura ya 102, uteuzi wake utakuwa umechapishwa katika Gazeti Rasmi la Serikali, pamoja na majina ya makamishna na hadidu za rejea, na toleo hilo linaweza kusomwa bure mtandaoni. Ikiwa ni kamati ya Bunge la Taifa au Seneti, nguvu zake za kuita mashahidi zinatoka katika Ibara ya 125 ya Katiba; ikiwa ni ya Bunge la Kaunti, Ibara ya 195. Pengine ni uchunguzi wa kifo unaofanywa na hakimu chini ya Sheria ya Mwenendo wa Kesi za Jinai, ambao mwendesha mashtaka wa umma ndiye anayeuongoza. Na pengine ni jopo tu lililoundwa na waziri au gavana, ambalo huenda halina uwezo wa kumlazimisha mtu kufika. Katika vyombo hivi vyote familia haitozwi ada ya kusikilizwa, na katika vyote anayetaka wakili wake binafsi humlipa mwenyewe. Tofauti kubwa ni kwamba wito wa tume ya Sura ya 102, wa kamati ya Bunge au wa hakimu una nguvu ya sheria na kuupuuza ni kosa. Kwa hiyo mama asikose kufika kwa sababu tu mchango wa wakili haujatimia. Kama ni mgonjwa, au bado yumo katika eda, mwandikieni katibu wa chombo hicho mapema, mwombe tarehe nyingine au achukuliwe maelezo nyumbani.

Sasa nije kwenye pesa yenyewe. Tume ya Rais inapokaa, hazina ya Serikali hugharamia makamishna, katibu na wafanyakazi wake, ukumbi, warekodi wa ushahidi, na wakili anayeitwa wakili wa kuisaidia tume. Huyo wa mwisho mumtambue vizuri. Ndiye anayewaongoza mashahidi kutoa maelezo yao na kuwauliza maswali wale wanaokwepa. Halipwi na familia wala na mwenye jengo, na kwa kuwa kazi yake ni kuutafuta ukweli wote, mnaweza kumpelekea maswali mnayotaka waulizwe mwenye jengo, mhandisi au afisa wa kaunti. Hata hivyo si wakili wenu. Siri mtakayomwambia anaweza kuitumia, na maslahi yenu yakienda upande mmoja na kazi ya tume upande mwingine, atafuata kazi ya tume.

Taasisi za umma zitakazoitwa, kama vile idara ya mipango ya kaunti au Mamlaka ya Kitaifa ya Ujenzi, zitafika na mawakili wao wa ndani, au wa ofisi ya Mwanasheria Mkuu, au mawakili wa nje waliokodiwa, na hao wote hulipwa kutokana na fedha za umma. Afisa anayeulizwa kuhusu kazi aliyoifanya akiwa ofisini mara nyingi huwakilishwa hivyo hivyo. Mwenye jengo na mwanakandarasi watatoa mfukoni, na kama walikuwa na bima, huenda kampuni ya bima ikawawekea wakili, kwa kuwa nayo inajua kwamba yatakayosemwa tumeni leo yanaweza kuifuata mahakamani kesho. Wanaobaki bila wa kuwalipia ni wafiwa na majeruhi.

Sioni haki katika mpangilio huo, na sitalificha hilo. Mama anayelipa kodi kila anaponunua kiberiti na sukari anachangia ada ya wakili wa ofisi iliyopitisha michoro, kisha anaambiwa achange tena ili naye apate wa kumsemea. Chombo kikiundwa ili umma ujue watu wao walikufaje, waliofiwa ni sehemu ya kazi yake tangu siku ya kwanza, na uwakilishi wao ungepaswa kuhesabiwa katika bajeti yake kama unavyohesabiwa ukumbi na viti.

Wazo hili si geni katika sheria tuliyoirithi. Mwaka wa 1966 tume ya kifalme ya Uingereza iliyoongozwa na Jaji Salmon ilitoa kanuni sita za kumlinda mtu anayeitwa mbele ya uchunguzi wa umma. Miongoni mwake ni kwamba aelezwe mapema anachotuhumiwa, apewe nafasi ya kujiandaa akisaidiwa na wakili, na kwamba kwa kawaida gharama zake za kisheria zilipwe na fedha za umma. Uingereza baadaye iliandika jambo hilo katika Sheria ya Uchunguzi ya mwaka 2005, ambayo kifungu chake cha 40 humruhusu mwenyekiti kuidhinisha malipo ya uwakilishi kwa shahidi au kwa mtu ambaye uchunguzi unamgusa kwa namna ya pekee, chini ya masharti ya waziri. Hata hivyo, hata huko haikuwa rahisi. Baada ya maafa ya uwanja wa Hillsborough mwaka 1989, yaliyoua mashabiki 97 wa soka, familia zilichanga pesa kumlipa wakili mmoja katika uchunguzi wa kwanza wa vifo, huku polisi wakiwakilishwa kwa fedha za umma. Uchunguzi wa pili, ambao Serikali iligharamia mawakili wa familia, ndio uliohitimisha mwaka 2016 kwamba watu wale waliuawa kinyume cha sheria. Sisemi kwamba pesa peke yake ndiyo iliyoleta tofauti. Nasema kwamba familia zilipokuwa na mawakili wa kutosha, maswali yaliyokuwa yamepitwa yaliulizwa.

Sheria yetu ya Sura ya 102 ilichukua nusu ya kanuni hiyo. Mtu ambaye mwenendo wake unachunguzwa, au anayehusishwa na jambo linalochunguzwa, ana haki ya kuwakilishwa na wakili, na mwingine anayeona anahitaji uwakilishi anaweza kuiomba tume ruhusa. Nusu ya pili, ya nani atamlipa wakili huyo, haikuandikwa kama ilivyoandikwa Uingereza. Ibara ya 50 ya Katiba huilazimu Serikali kumpa mtu wakili pale ambapo bila yeye haki ingepotoka vibaya, lakini kipengele hicho kinamhusu mshtakiwa wa jinai, si shahidi wa tume. Wakili wenu anaweza kuiandikia tume kuomba ipendekeze familia zilipiwe, na akitegemea Ibara ya 48 inayoitaka Serikali ihakikishe watu wote wanaifikia haki, atakuwa na hoja ya heshima. Ombi hilo ni vyema likatolewa kabla ya vikao kuanza. Lakini msikope mkilitegemea.

Je, mnahitaji wakili kweli? Kwa ushahidi wa mama peke yake, sidhani. Atakwenda kueleza mwanawe alianza kazi lini, alilipwa na nani, alisema nini nyumbani kuhusu jengo lile, nani aliwajia na habari ya kifo. Ana haki ya kusema kwa Kiswahili, kwa sababu ni lugha rasmi ya nchi. Kaeni naye jioni moja, mwandike maelezo yake kwa mpangilio wa tarehe, myaambatanishe na picha, ujumbe wa simu na rekodi za malipo ya M-Pesa, mtoe nakala na mbaki na asili. Shahidi mwenye karatasi zilizopangwa husikilizwa vizuri kuliko shahidi mwenye wakili asiyejiandaa.

Wakili huwafaa pale familia inapotaka zaidi ya kusikilizwa, kwa mfano kuwahoji mwenye jengo na maafisa ana kwa ana, kuomba nyaraka zinazofichwa, au kupendekeza kwa maandishi kile ambacho ripoti iseme. Hapo nashauri familia zote za marehemu mjiunge chini ya wakili mmoja, kwa sababu swali lenu ni moja na tume hupenda kumsikia msemaji mmoja kuliko kumi wanaorudia jambo lile lile. Kuchanga kwa pamoja ni jambo jema na ni desturi yetu. Shida yangu ni na namna ya huyu mchangishaji.

Muulizeni anamchangia wakili gani. Kama hatamtaja jina, msimpe hata shilingi. Akimtaja, hakikisheni kwa Chama cha Wanasheria cha Kenya kwamba wakili huyo ana cheti cha kufanya kazi cha mwaka huu, kisha mwendeni ofisini kwake wenyewe. Sheria ya Mawakili inakataza mtu kuzunguka akimtafutia wakili wateja kwa malipo, na asiye wakili hana ruhusa ya kujifanya wakili. Makubaliano ya ada yaandikwe na mtie saini, yakitaja kazi itakayofanywa: ada ya kuchukua maagizo, yaani ya kuipokea kazi, ada ya kila siku ya kikao, na matumizi ya pembeni kama nakala, usafiri na ripoti ya mhandisi, ambayo mara nyingine huzidi ada yenyewe. Ulizeni iwapo kiasi kilichotajwa kina kodi ya ongezeko la thamani ndani yake, kwa sababu asilimia 16 juu ya mchango wa familia nyingi si kidogo. Pesa ziingie katika akaunti ya wateja ya ofisi hiyo, si katika simu ya mtu, na kila familia ipate stakabadhi yake. Wakili akiwaambia atalipwa endapo tu mtashinda, jueni kwamba mkataba wa namna hiyo ni batili katika sheria yetu, hata ukiwa na nia njema. Waulizeni pia itakuwaje tume ikisimama njiani, maana hutokea. Tume ya Jaji Gicheru iliyochunguza mauaji ya waziri Robert Ouko ilivunjwa na Rais Moi mwaka 1991 kabla haijakamilisha kazi. Hapa kwetu Pwani, tume ya Jaji Jessie Lesiit iliyoteuliwa Mei 2023 kuhusu vifo vya Shakahola haikukaa muda mrefu kabla ya Mahakama Kuu kutoa amri ya kuisimamisha. Aliyekwisha kulipa ada yote mapema huwa na kazi ya kuifuatilia.

Sasa binamu yenu. Hapa sina kigugumizi: asitumie wakili mmoja na familia. Yeye alikuwa mnyapara. Ataulizwa nani alimwamuru kumwaga zege siku ile, kama aliziona nyufa, kama aliwaondoa vibarua au aliwabakiza. Majibu yake yanaweza kumweka upande wa lawama, na yanaweza kuhitilafiana na yale ambayo mama yenu anataka yajulikane. Wakili anayewasimamia wote wawili atafika mahali ambapo kumlinda mmoja ni kumuumiza mwingine, na hapo sheria ya maadili humlazimu ajiondoe, nanyi mtakuwa mmelipia nusu ya kazi. Binamu ni mtu anayehusishwa na jambo linalochunguzwa, kwa hiyo haki yake ya kuwakilishwa iko wazi, na kama kuna mtu mmoja katika ukoo wenu ambaye pesa ya wakili itumike kwake kwanza, ni yeye. Amwone wakili kabla ya kuandika maelezo yoyote, iwe kwa tume au kwa polisi. Najua jambo hili linaweza kuleta maneno katika familia. Waelezeni wazee kwamba kumpa wakili wake si kumtenga, wala hakumaanishi kwamba mmemhukumu.

Nije sasa kwenye muda. Watu wengi husubiri ripoti ya tume ndipo wadai fidia, wakiamini kwamba ripoti itawarahisishia. Tume huchukua muda, na ripoti huweza kukaa kabatini: ripoti ya tume ya Jaji Akiwumi, iliyoteuliwa mwaka 1998 na iliyogusa pia machafuko ya Likoni ya 1997, ilitolewa hadharani mwaka 2002. Wakati wote huo, saa ya sheria haisimami.

Mdogo wako alifia kazini. Kwa hiyo njia yenu ya kwanza dhidi ya mwajiri wake ni Sheria ya Fidia ya Ajali Kazini ya mwaka 2007, ambayo huelekeza madai kwa Mkurugenzi wa Usalama na Afya Kazini badala ya mahakama. Dai linapaswa kuwasilishwa ndani ya miezi 12 tangu kifo. Halihitaji wakili, na halihitaji kuthibitisha kwamba mwajiri alikuwa mzembe. Linahitaji kuonyesha kwamba alikuwa mfanyakazi wake na alikufa kwa ajali ya kazi. Fidia ya kifo hukokotolewa kwa mapato ya miezi 96, na hulipwa kwa waliomtegemea, wakiwamo wazazi kama aliwasaidia. Mkataba si lazima uwe umeandikwa. Malipo ya kila wiki kwa simu na ushahidi wa vibarua wenzake vinaweza kuuthibitisha. Ndiyo maana rekodi zile za M-Pesa ni muhimu kuliko mchango wa 15,000.

Dhidi ya wengine ambao hawakuwa waajiri wake, kama mwenye jengo au mhandisi, njia ni kesi ya uzembe, na kwa madai ya kifo muda ni miaka mitatu. Dhidi ya Serikali au mamlaka ya eneo muda ni mfupi zaidi: miezi 12 tu kwa madai ya madhara. Atakayefungua kesi kwa niaba ya marehemu atahitaji kwanza hati ya mahakama ya kusimamia mali yake, angalau ile yenye mipaka ya kufungulia kesi, na hiyo nayo ina foleni yake. Katika kesi hizo kanuni ya gharama ya mahakamani hurudi: mkishinda mtalipwa sehemu ya gharama, baada ya naibu msajili kuipima ankara ya wakili, na mkishindwa mnaweza kuamriwa kulipa. Atakachopima ni gharama za kesi hiyo, kwa hiyo ada za tumeni zisihesabiwe kama deni litakalorudi kwa mlango huo.

Kwamba fidia hupatikana mahakamani na si tumeni, watu wa Mombasa wameliona kwa macho. Wakazi wa Owino Uhuru, waliopata madhara ya sumu ya madini ya risasi (lead) kutoka kiwandani, walishinda shilingi bilioni 1.3 katika Mahakama ya Mazingira na Ardhi mwaka 2020, wakapokonywa ushindi huo katika rufaa, kisha Mahakama ya Juu ikaurejesha Desemba 2024. Ilikuwa safari ndefu ya mahakama, na iliwezekana kwa sababu kulikuwa na watu waliosimama nao bila kuwadai ada.

Kuhusu msaada wa bure: Sheria ya Msaada wa Kisheria ya mwaka 2016 iliunda Huduma ya Kitaifa ya Msaada wa Kisheria kwa wasio na uwezo. Peleka ombi la maandishi likieleza mapato ya nyumba na kuambatanisha ule wito, na useme wazi kwamba mnaomba ushauri juu ya tume pamoja na fidia, ili wakisema hawawezi kusimama tumeni bado wawasaidie kwa lile la pili. Kituo cha Sheria na shirika la Muhuri yana ofisi hapa Mombasa na yamezoea kazi za aina hii. Hasa familia nyingi zikienda pamoja, ni rahisi kwao kuona kwamba jambo ni la umma. Nyaraka za jengo, kama vibali na ripoti za ukaguzi, mnaweza kuziomba wenyewe kwa barua chini ya Sheria ya Upatikanaji wa Habari ya mwaka 2016. Ofisi ya umma inatakiwa kujibu ndani ya siku 21, na inaweza kuwatoza gharama ya nakala tu.

Nendeni mkamwone wakili ana kwa ana, wiki hii na si baadaye, iwapo wito wa mama unamtaja kama mtu anayetuhumiwa jambo, iwapo mtu yeyote amewatisha au amewapa pesa ili msiseme, iwapo mwajiri au kampuni ya bima amewaletea karatasi ya kutia saini, au iwapo imepita miezi minane au zaidi tangu jengo lilipoanguka. Karatasi ya mwajiri msiitie saini hata ikija na pesa taslimu za matanga, kwa sababu ndani yake huenda mkakiri kwamba mmelipwa yote. Mkienda, chukueni wito, cheti cha kifo, ripoti ya upasuaji wa maiti, kitambulisho cha marehemu, na majina ya vibarua wawili au watatu waliokuwa naye siku hiyo. Mazungumzo ya kwanza ya kuuliza njia mara nyingi ni bei ndogo, na mawakili wengi hapa mjini hawatoi ankara yoyote kwa familia iliyofiwa. Ulizeni tu bei kabla ya kuketi.